Kifuniko cha Tangi

Mwanangu Zuhura,

Salamu za barua huvuka mito na barabara kwanza ndipo zifike. Hizi zangu zina ukuta mmoja tu wa kupita. Nakusikia chumba cha pili ukifungua sanduku na kulifunga tena. Shangazi yako Rukia yuko nawe, na kwa jinsi alivyopandisha sauti najua mmefika kwenye habari ya baridi ya Nakuru na blanketi zito. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya marafiki wa kuchagua na wa kuepuka, hayo amekwisha kukwambia yeye, na ameyasema vizuri kuliko ningeweza mimi. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa darasa la saba, kabla hawajaongeza hilo la nane, na nimechoka nalo.

Utaniwia radhi mwandiko. Nikiandika mistari michache hunilazimu kuegemeza kichwa ukutani mpaka moyo utulie. Daktari hakunificha, nami sikumficha mama yako. Wewe tulikubaliana tusikwambie kabla ya mtihani, kisha tukasema tungoje uitwe chuoni, kisha tukanyamaza tu. Sasa umejua. Usiahirishe safari kwa ajili hiyo, tafadhali. Nikifa, watanizika kabla basi lako halijafika hata Voi, na wewe unajua dini yetu ilivyo katika hilo. Kwa hiyo yaliyo baina yetu nataka yaishe leo.

Ni habari ya gari.

Unalikumbuka gari letu la kijani, lile refu la magurudumu yote manne kuvuta, nililolinunua kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Watu wa mtaa walisema Mwalimu Mkuu kanunua gari la msituni ilhali nyumba yake iko hatua chache kutoka sokoni. Nililipenda kwa sababu lilitutosha wote, na mikeka, na bibi yako, na magunia ya nazi. Sasa liko Mariakani linabeba mitungi ya maziwa, na aliyelinunua hujisifu kwamba halijapata kumzimikia njiani. 

Kwetu sisi lilizimika. Siku ile ulikuwemo ndani, hivyo yale uliyoyaona sina haja ya kukusimulia kana kwamba hukuwepo. Lakini nitayasimulia, kwa sababu wewe uliyaona kutoka kiti cha nyuma, ukiwa umeshika kichwa cha mama yako, na mimi niliyaona kutoka mbele, na tangu hapo tumekuwa kama watu waliokuwa katika safari mbili.

Mama yako alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja ajifungue. Kwao ni Takaungu, na kama ilivyo desturi ya watu wetu, alikuwa arudi kwa mama yake kuzaa, kama alivyorudi alipokuwa na wewe. Petroli wakati ule ilikuwa ya shida. Aliyepata aliweka akiba nyumbani, nami nilikuwa na dumu langu nyuma ya choo, limeingia vumbi. Jioni ya kuamkia safari nilikutuma ulioshe lile dumu, ulianike, ukalijaze kwa jirani yetu aliyekuwa na pipa, kisha ulete utie tangini. Ukafanya yote. Mimi nilisimama barazani na kikombe cha kahawa nikikuelekeza kwa kidole, kama nilivyozoea kuelekeza watu.

Mafuta kidogo yalimwagika. Unajua gari lile tangi lake lilikuwa chini ya kiti, na mdomo wake ubavuni, hivyo harufu iliingia ndani moja kwa moja. Mama yako akaja na mto wake kujaribu mahali pa kulala, akaketi kidogo tu, akatoka kaziba pua kwa ukingo wa leso.

"Baba Zuhura, mimi humo siendi. Itaniua harufu kabla sijamwona mama."

"Nitalitengeneza," nikasema.

"Utalitengeneza vipi? Utaifundisha petroli inuke asumini?"

Alikuwa mcheshi, mama yako. Nakuandikia hilo kwa makusudi, maana huenda umesahau.

Nikalitengeneza. Wewe ulikuwa umekwenda kuoga. Nilikitoa kile kifuniko cha tangi, nikakigeuza, nikaona kina kitundu kidogo cha kupita sindano. Nikakisia kwamba harufu inapitia hapo. Mafundi wetu wote wa pwani huziba tangi linalovuja kwa sabuni ya kufulia; ukiikanda ikalainika, ukaibandika, petroli haiiyeyushi, bali hukaza. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi, nikajiona nami nimo. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakikanda, nikakishindilia kwenye kitundu. Juu yake nikaweka kipande cha nailoni, kisha duara nililolikata kwenye mpira wa tairi la baiskeli. Nikakirudisha kifuniko, nikakikaza, nikakifunga kwa ufunguo wake, nikautia ufunguo mfukoni. Sikujiuliza aliyelitengeneza gari alikiweka kitundu kile kwa kazi gani. Nilidhani ni kutu.

Mama yako akaingia tena ndani, akanusa, akacheka. Akaniombea dua. Hiyo dua ndiyo inayoniumiza kuliko yote.

Asubuhi tukaondoka Malindi vizuri. Gede tulipita tukizungumza. Mbele kidogo injini ikaanza kukohoa, gari likawa linavuta na kuacha, kama mtu anayebanwa pumzi, kisha likazimika. Nikashuka, nikafungua boneti, nikagusagusa nyaya. Baada ya muda likawaka. Tukaenda, likazimika tena, safari hii mapema zaidi. Likawaka. Likazimika. Tulipopita Matsangoni lilikuwa linatembea umbali wa kwenda msikitini na kurudi, basi. Na hapo ndipo chupa ya uzazi ya mama yako ilipopasuka, kwa mitikisiko au kwa kuandikiwa, sijui, na Takaungu ikasahaulika, tukawa tunatafuta hospitali ya Kilifi tu, upande huu wa kivuko.

Nilifanya nini? Nililifungua bakuli la kabureta, nikalipuliza. Niliung'oa mpira wa mafuta, nikaunyonya kwa mdomo mpaka petroli ikanichoma ulimi, na ikaja kwa shida. Ikaja kwa shida, Zuhura, na mimi nikasema ni uchafu. Kama ningelikifungua kile kifuniko, hata kwa kuchungulia tu, hewa ingeingia na gari lingewaka na kutufikisha. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ulikuwa unanigusa pajani kila nilipoinama.

Mtu wa magari likimzimikia gari hujiuliza swali la kwanza: kitu gani kimeguswa mwisho? Mimi nilikuwa nimesoma, nilikuwa na kitabu cha gari lile nimekimaliza ukurasa kwa ukurasa, na swali hilo nililijua. Lakini sikuuliza hivyo. Niliuliza: nani kaligusa mwisho? Na jibu lililonijia haraka, tena likanipendeza, lilikuwa wewe.

"Nani alitia mafuta jana?" nikasema, ilhali nilikuwa nimekutazama ukiyatia.

"Mimi, Baba."

"Dumu uliliosha kwa maji?"

"Ndiyo, Baba. Nikalianika."

"Ulilianika! Jua la magharibi likakausha dumu! Umetutilia maji tangini, mtoto wewe. Umetuua."

Uliniangalia. Hukulia. Mama yako aliinua kichwa kutoka mapajani mwako, akakuita jina tu, "Zuhura?" kwa sauti ya kuuliza, kisha uchungu ukamchukua tena.

Ninayajua maneno yote niliyoyasema maishani mwangu yaliyomdhuru mtu, maana nimekuwa na usiku mwingi wa kuyahesabu tangu kuugua. Hayo mawili ya mwisho ndiyo makubwa kupita yote.

Lile lori la korosho unalikumbuka. Dereva wake alikuwa mtu wa bara, mnene, kavaa fulana tu. Alisimama bila kusimamishwa.

"Mzee, mama ana uchungu na wewe unafungua kabureta? Mlete juu hapa, Kilifi ni karibu."

"Linawaka sasa hivi," nikamwambia.

"Likiwaka utatukuta mbele. Mlete mama."

Nikatazama kile chumba cha lori, na matingo wawili waliokaa humo na miguu yao juu, nikamtazama mama yako na buibui lake limelowa. Nikaona haya. Nikasema tena linawaka sasa hivi. Yule bwana akatema mate upande, akasema, "Haya, Bwana Shamba," akaondoka. Alinipa cheo kisichokuwa changu, nami nikapoteza muda nikikasirikia hilo.

Halafu wakaja wale akina mama wa boma la karibu, na yule bikizee Mgiriama aliyeniondoa kwa kunisukuma kifuani. "Nyinyi wanaume tokeni hapa. Nendeni mkalizalishe gari lenu, huyu tutamzalisha sisi." Wewe alikuacha ubaki, ijapokuwa ulikuwa mtoto, kwa sababu mama yako hakukubali kuuachia mkono wako. Nilikuwa nyuma ya boneti niliposikia kimya. Mtoto alikuwa mvulana. Hakulia.

Sijui kama angeishi tungefika Kilifi. Nimejiuliza mpaka swali lenyewe limechakaa. Mungu anajua, na mimi nakaribia kwenda kumuuliza. Wewe usijishughulishe na hilo.

Tulimzika ndugu yako Takaungu. Mama yako alibaki kwao mpaka arobaini yake ilipotimia, na wewe ulirudi Malindi nami kwa ajili ya shule. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwa Fundi Charo, yule mwenye karakana chini ya mabati karibu na kituo cha mafuta. Nikamwambia mafuta yana maji, yamwage. Akafungua nati ya chini ya tangi. Petroli ikatoka kwa kusitasita, glu, kimya, glu, kama chupa iliyopinduliwa, na sote wawili tuliitazama ikifanya hivyo. Niliikinga katika chupa nyeupe, nikaiacha juu ya meza itulie. Maji huzama chini, utayaona yamejitenga kama mafuta ya samli na mchuzi, ila yenyewe ndiyo hukaa chini. Nilingoja. Nikaipeleka chupa kwenye jua, nikaizungusha. Ilikuwa safi mwanzo mwisho.

Basi tangu siku ile nilijua kwamba si wewe. Sababu yenyewe sikuijua bado, lakini hilo nililijua. Nilirudi nyumbani nikakukuta unapika, ukanipakulia, tukala, na sikukwambia. Nilijiambia nitakwambia nikishaijua sababu, ili nikupe jambo kamili. Mwalimu hasemi nusu ya hesabu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Charo alihangaika nalo. Alibadilisha platini za umeme. Akasema ni koili, ile inayotia umeme wa cheche, ikipata moto inakufa; akaifunga kitambaa kibichi, tukaenda mpaka Mambrui, likazimika. Akaleta koili nyingine. Likazimika. Akaifungua pampu ya mafuta, akatia utando mpya. "Mwalimu, gari hili lina jini," akasema, "tena jini la kike, linataka ubani." Nikacheka, lakini si sana. Kila alilolitengeneza lilikuwa zima. Kifuniko hakukigusa, maana mafuta nilitia mwenyewe, na ufunguo haukutoka mfukoni mwangu. Na kila nilipokifungua gari lilikuwa limelala usiku kucha, hewa imekwisha kujipenyeza polepole. Ile sabuni nilikuwa nimeisahau. Unaweza kunishangaa kwa hilo. Lakini niliiweka kwa kumhurumia mama yako, kwa hiyo nilipokuwa nikiyapitia makosa yanayoweza kuua injini, haikuwa miongoni mwake.

Siku moja nilikuwa natoka Gede peke yangu, mchana, gari likanizimikia mahali pasipo na nyumba. Kipimo cha mafuta kilikuwa kimekufa zamani, hivyo nikakata kijiti nipime kwa mkono kama petroli bado imo. Nikatia ufunguo, nikakizungusha kifuniko. Kiling'ang'ania. Nilikivuta kwa nguvu, na tangi likavuta pumzi. Fyuuu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Nilisimama na kifuniko mkononi. Kisha nikaenda kuketi kwenye usukani, nikawasha, likawaka mara moja.

Nilikigeuza kile kifuniko, nikaubandua mpira na nailoni, nikaiona sabuni yangu. Ilikuwa na alama ya dole gumba.

Sitakueleza mambo ya injini zaidi ya haya: tangi linalotoa mafuta lazima liingize hewa, na likizuiwa, litayashikilia mafuta yake mpaka injini ife njaa. Kitundu kile kilikuwa cha kupumulia. Nilikikwangua kwa sindano nyumbani, nikautupa ule mpira jalalani, na gari halikuzimika tena mpaka nilipoliuza.

Sasa nafika mahali pabaya, na nimepumzika kwanza kabla ya kupaandika.

Fundi Charo alikuja nyumbani siku chache baadaye kuuliza jini limesemaje. Mama yako alikuwa ameshatoka Takaungu, amelala chumbani, mlango wazi. Nikamwambia Charo gari limepona.

"Si nilikwambia? Koili ile ya mwisho ndiyo dawa!" Akapiga goti lake. "Watu wanasema Charo hajui umeme. Waje sasa!"

"Ni koili," nikasema.

Wewe ulikuwa unatuletea kahawa. Ulisimama na sinia mkononi, ukasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo, Baba, hayakuwa maji?"

Ulikuwa mlango ulionifungulia mwenyewe. Mama yako alikuwa anasikia, maana niliuona mguu wake ukisogea kitandani. Charo alikuwa ananitazama. Ningesema tu, "La, mwanangu, hayakuwa maji," hata bila kutaja sabuni, ningekuwa nimekutoa. Nikasema:

"Maji ndiyo yaliyoiharibu koili."

Ni upuuzi. Hakuna maji ya tangini yanayofika kwenye koili. Hata Charo aliinua nyusi. Alikuwa mtu wa adabu, akanywa kahawa yake. Wewe uliliweka sinia chini na kurudi jikoni.

Nilijitetea moyoni kwa njia nyingi. Kwamba mama yako alikuwa ndiyo kwanza anapata usingizi, na kumfumulia jambo ni kumrudisha kule. Kwamba wewe ni mtoto, utasahau. Kwamba Mwalimu Mkuu aliyemuua mtoto wake kwa kipande cha sabuni hawezi kusimama mbele ya shule kesho yake. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kweli, hizo nyingine niliziweka mbele kama pazia.

Hukusahau. Mama yako hakukugombeza hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yako. Kabla ya siku ile wewe ndiye uliyekuwa ukimsuka. Baadaye akawa anakwenda kwa jirani, ati mkono wako mzito. Ukimpa maji, anaitazama gilasi kwanza. Labda yeye mwenyewe hakujua anaitazama. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nasoma gazeti, na kila gilasi niliiona. Na wewe ukawa mtoto wa kuosha kila kitu mara mbili na kukikausha mara tatu. Shangazi yako alikusifu kwa usafi mbele ya wageni. Nami nikaitikia.

Kisha ukachagua ukunga. Ulipoleta barua ya chuo, watu wote walikupongeza na mimi nikaingia chumbani nikajifungia, wakadhani ni machozi ya furaha. Hukuniambia kwa nini umechagua kazi hiyo. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa na masomo mazuri, mwalimu wako wa hesabu alikuja mpaka hapa barazani kukuombea uende mahali pengine, nawe ulikataa bila kuinua macho.

Basi sikiliza, mwanangu, hili ndilo ninaloliandikia barua hii. Hudaiwi na mtu. Yule mtoto hakufa kwa mkono wako. Dumu lako lilikuwa kavu. Kama unakwenda Nakuru kulipa, rudi, hakuna deni. Vua viatu, keti, tutafute kazi nyingine unayoipenda, na hakuna atakayekuuliza. Kama unakwenda kwa sababu mkono wa yule bikizee Mgiriama ulikuonyesha jambo ambalo moyo wako umelipenda, nenda, na Mungu akufungulie njia. Lakini nenda ukiwa unajua. Sikutaka ufike kwenye kitanda cha mzazi wa kwanza ukiwa umebeba uongo wangu, halafu jambo likiharibika, kama yanavyoharibika mengine pasipo kosa la mtu, ukaamini kwamba wewe ndiye unayeua watoto.

Siombi unisamehe leo. Ni mapema, na umechoka, na kesho una safari ndefu. Ukiniona asubuhi barazani, ukipita bila kunipa mkono nitaelewa.

Mama yako nilimwambia leo baada ya alasiri. Alikuwa anachambua mchele wa safari yako. Nilimwambia yote, kitundu, sabuni, chupa ya petroli safi, koili. Aliendelea kuchambua. Nilidhani hajasikia, nikaanza upya, akaniinulia kiganja.

"Nimesikia, Baba Zuhura."

Kisha akasema, "Lile la lori nilikusamehe siku ile ile. Nililiona kwa macho yangu, nikajua ni haya yako ya kijinga. Hili ulinificha."

"Nilikuficha."

"Na sabuni ni kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yako."

"Na mimi nikakuombea dua." Aliucheka ule mchele, kicheko kibaya, sijawahi kukisikia kwake. Halafu akauweka ungo chini, akasema jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani atanililia mtoto. Alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimemtazama mwanangu kama mtu aliyeniulia mtoto, na yeye akawa ananiamkia kila asubuhi na shikamoo yake."

Nikasema kosa ni langu.

"Lako ni lako. Hilo la gilasi ni langu. Usinibebee, hujui kubeba."

Nilitaka nije kwako hapo hapo nikwambie kwa mdomo. Akanizuia. Alisema nikikwambia kwa mdomo utanitazama nilivyokonda, utanionea huruma, utanisamehe palepale, nami nitalala usingizi wa bure na wewe utakesha. "Andika," akasema. "Yote, usirembe. Kisha unipe mimi, nitampelekea mwenyewe."

Ndiyo maana barua hii hukuipata chini ya mlango. Nimeimaliza na nguvu zangu zimeishia hapa hapa. Yeye amengoja kwenye kiti tangu nilipoanza, hakuniuliza nimefika wapi. Nitamkabidhi sasa. Amesema hatakwambia neno mpaka uisome yote, na kwamba akija kwako atamtoa shangazi yako chumbani, akae kitandani kwako angoje.

Kwa hiyo yuko hapo, Zuhura. Iweke chini karatasi, umtazame.

Baba yako